NANI ANAANDIKA DAFTARI LA WEZI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na watu wa mji, Piana-Mwanga



Leo sitasema habari za mishahara wala bei ya unga. Nitasema habari za wizi na mauaji, na zaidi nitasema habari za hesabu yake. Msishangae. Hesabu ya wizi ni jambo la mfanyakazi na la mtu wa mji. Kwa hesabu hiyo wakubwa huamua polisi wapelekwe wapi, askari wangapi walinde uzio wa mgodi, na mtoto wa nani akamatwe usiku.

Kila mahali panapotajwa mgodi mpya, husikika maneno mawili. La kwanza ni hili: "Watu watakuwa wengi, uhalifu utazidi, lazima tujitayarishe." La pili ni hili: "Nchi hii ina wezi na wauaji kuliko nchi ile." Tangu dunia ilipoanza kuitaka lithiamu ya Manono kwa ajili ya betri za motokari, maneno ya namna hii hayawezi kukosa kutufikia sisi pia.

Mimi sikuja kuwaambia kwamba maneno hayo ni uongo. Nimekuja kuwapa maswali matatu ya kumwuliza kila mtu anayeyasema. Swali la kwanza: ni kitu gani kimeitwa kosa? La pili: nani ameliandika? La tatu: hesabu hiyo imegawanywa kwa watu wangapi? Mtu asiyeweza kuyajibu maswali hayo asipewe nafasi ya kuamua juu ya maisha yetu.

KIPIMO CHA MAJI NA KIPIMO CHA WIZI

Sisi watu wa Piana-Mwanga tunajua maana ya kipimo. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Géomines ilijenga mashine za umeme hapa kwenye mto Luvua, ili umeme uende Manono kwenye kazi ya bati. Penye bwawa la umeme lazima awepo mtu wa kupima maji. Kila siku hutazama kijiti chenye alama na kuandika katika daftari. Miaka ikipita, daftari lile humwambia: mvua ikinyesha hivi, maji yatafika hapa. Huo si uganga. Ni kazi ya mtu mwenye subira na kalamu.

Kwa nini aweze kujua mambo ya mbele? Kwa sababu kijiti chake hakihami. Mita moja ya mwaka 1950 ni mita moja ya leo. Tena maji hayaogopi kuonekana.

Sasa tazameni kipimo cha wizi. Tuseme mama mmoja ameibiwa mbuzi. Je, atakwenda polisi? Kituo kiko mbali. Akifika, pengine ataombwa pesa ya karatasi, kisha pesa ya mafuta ya pikipiki ili askari waje kutazama. Mama anapiga hesabu, anaona kwamba mbuzi wa pili atakwisha kwa kumtafuta wa kwanza. Basi anakwenda kwa shefu wa kijiji, au anakaa kimya. Mbuzi ameibiwa kweli, lakini katika daftari la serikali hakuna mbuzi aliyeibiwa.

Mwaka wa pili kituo kinafunguliwa karibu. Mkubwa wake ni mtu mwema, hataki senti ya mtu. Wale akina mama kumi waliokuwa wakinyamaza wanakwenda wote. Mwisho wa mwaka daftari linasema wizi umepanda sana, na mtu mmoja mjini anasoma na kusema, "Watu wa kule wameharibika." Lakini wezi ni wale wale, na mbuzi walioibiwa ni wengi kama mwaka jana. Kilichopanda ni imani ya watu kwa polisi wao. Hapa kijiti ndicho kilichohama.

MBELGIJI ALIYEHESABU MAKOSA

Kazi hii ya kutabiri uhalifu kwa hesabu ni ya zamani, na mmoja wa watu walioianzisha alikuwa Mbelgiji. Jina lake ni Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Ghent mwaka 1796 na kufa mwaka 1874. Alikuwa mtu wa kutazama nyota. Serikali ya Ufaransa ilipoanza kuchapisha hesabu za korti zake katika miaka ya 1820, Quetelet alizisoma kama alivyozoea kusoma mwendo wa nyota.

Aliona jambo la ajabu. Kuanzia mwaka 1826 hadi 1829, watu walioshitakiwa kwa makosa makubwa Ufaransa nzima walikuwa karibu 7,000 kila mwaka. Hawakupungua chini ya 6,900 wala kupita 7,400. Kila mmoja wao alikuwa na sababu yake: huyu njaa, huyu wivu, huyu pombe. Lakini walipowekwa pamoja, hesabu ya mwaka huu ilifanana na ya mwaka jana. Basi Quetelet akasema kwamba makosa hayatoki katika moyo wa mtu mmoja tu. Hali ya nchi yenyewe huyatayarisha: umaskini wake, sheria zake, umri wa watu wake.

Neno hilo lina kweli ndani yake, na mtu wa mgodi analielewa upesi. Ukifunga kazi za watu elfu moja bila kuwapa njia nyingine, huna haja ya mganga kukuambia litakalofuata.

Lakini angalieni. Hesabu ya Quetelet ilifanana kwa sababu sheria za Ufaransa zilikuwa zile zile, na korti zile zile zilikuwa zinaandika. Sheria ikibadilika, utabiri wote unavunjika. Na katika nchi yetu sheria zimebadilika mara nyingi, kama wazee waliopo hapa wanavyojua.

KALAMU INAWEZA KUZAA WAHALIFU

Wakati wa Wabelgiji ilikuwako amri ya mwaka 1922 juu ya mkataba wa kazi. Mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya mkataba kwisha hakuwa na deni tu kwa bwana wake. Aliweza kutiwa buloko. Mkulima asiyelima shamba la lazima, kama la pamba, naye aliweza kutiwa buloko. Mtu kusafiri bila karatasi lilikuwa kosa.

Sasa fikirini mtu wa Ulaya aliyeketi mezani akisoma hesabu ya waliofungwa Kongo, kisha akasoma ya nchi yake. Angesema, "Tazama, watu weusi ni wahalifu kuliko sisi." Hangejua kwamba katika hesabu yetu yumo mtu aliyetoroka kazi ya mgodi kwenda kumzika mama yake. Huko kwake kuacha kazi si kosa la kumtia mtu gerezani. Basi atalinganishaje? Ni kama kulinganisha uzito wa gunia la mhogo na urefu wa kitenge.

Msidhani mambo hayo yalikwisha tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamruhusu mchimbaji wa mikono kuchimba tu akiwa na karata yake, na katika eneo lililotengwa kwa kazi hiyo. Tuseme kuna kilima ambacho watu wamechimba miaka ishirini kwa mikono. Siku moja haki ya kilima hicho inapewa kampuni. Asubuhi yake mtu yule yule, na koleo lile lile, katika shimo lile lile, anahesabiwa kuwa mvunja sheria. Kama wachimbaji walikuwa mia tano, wahalifu mia tano wamezaliwa kwa usiku mmoja, na hakuna hata mmoja aliyebadilika moyo.

Ndiyo maana nasema tuwe macho. Mtu akitabiri kwamba mgodi ukija uhalifu utapanda, anaweza kusema kweli kabisa, kwa kuwa kalamu itaupandisha. Kisha ataleta hesabu hiyo kama ushahidi, aombe askari zaidi. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Kolwezi, ardhi iliwaangukia wachimbaji waliokuwa ndani ya eneo la kampuni, na watu wapatao 40 walikufa. Baada ya msiba ule, jeshi lilitumwa kuwaondoa wachimbaji. Watu waliokuwa wanatafuta unga waliingia katika hesabu mbili: hesabu ya waliokufa, na hesabu ya waingiaji wasio na ruhusa.

NCHI KWA NCHI

Sasa tuje kwenye kulinganisha. Chukueni mfano mdogo. Mji wa kwanza una watu 10,000, na kwa mwaka umeibiwa kinga 20. Mji wa pili una watu 50,000, na umeibiwa kinga 60. Mji gani una wizi zaidi? Mtu wa haraka atasema wa pili. Lakini wenye kujua hugawanya kwa watu 100,000. Mji wa kwanza unapata 200, wa pili unapata 120. Basi wa kwanza ndio wenye wizi zaidi.

Lakini ngojeni. Tuseme katika mji wa kwanza wachimbaji wengi wameingia, na watu wake kwa kweli ni 20,000, ila hakuna aliyewahesabu. Sasa unapata 100 tu, nao umekuwa mwema kuliko ule wa pili. Kinga zilizoibiwa ni zile zile 20. Tulichokosea ni hesabu ya watu.

Na nchi yetu ilihesabu watu lini? Mwaka 1984, katika siku za Zaire. Walionekana watu wapatao milioni 30. Tangu wakati ule hakuna hesabu nyingine ya namna ile iliyokwisha kufanywa. Leo inakadiriwa kwamba tumepita milioni 100. Basi kila mara msikiapo kwamba Kongo ina makosa kadhaa kwa kila watu 100,000, jueni kwamba namba ya chini ni ya kukisia. Mara nyingi hata ile ya juu ni ya kukisia, maana nchi zisizo na hesabu nzuri hukadiriwa kwa kutazama nchi nyingine.

Hata nchi zenye karatasi nyingi zina taabu hii. Uswidi ina hesabu kubwa ya kesi za kubaka kuliko nchi nyingi za Ulaya. Watu wengine hupiga kelele kwa hesabu hiyo. Lakini Uswidi huandika kosa siku linapoletwa polisi, haingoji korti ikate. Mwanamke akisema mumewe alimtenda hivyo mara nyingi, kila mara huandikwa kuwa kosa moja. Tena mwaka 2005 sheria yao ilipanuliwa, na mambo mengi zaidi yakaingia katika jina hilo. Nchi inayomsikiliza mwanamke itaonekana mbaya mbele ya nchi inayomfukuza mlangoni.

Kwa sababu hizo wenye elimu hiyo wakitaka kulinganisha nchi hushika kwanza hesabu ya mauaji, maana maiti ni vigumu kuficha kuliko mbuzi. Umoja wa Mataifa ulisema kwamba mwaka 2021 watu wapatao 458,000 waliuawa duniani kwa makusudi, nje ya vita. Ni kama watu 5.8 kwa kila 100,000. Afrika ilikuwa 12.7, na bara la Amerika 15. Afrika ya Kusini, ambayo huchapisha hesabu zake, iliandika mauaji 27,494 kuanzia Aprili 2022 hadi Machi 2023. Ni mengi sana. Lakini angalau wao wanajua, na mwananchi wao anaweza kuishika namba hiyo na kumwuliza mkubwa wake, "Umefanya nini?"

Nimesema "nje ya vita", na hapo tuna jambo letu wenyewe. Kuanzia mwaka 2013, katika teritwari za Manono, Nyunzu na Kalemie, palikuwa na mapigano kati ya vikundi vya Waluba na vya Watwa. Vijiji vilichomwa, watu walikufa kwa mishale na mapanga. Umoja wa Mataifa ulikubali mwaka 2015 utaratibu wa kupanga makosa, na utaratibu huo hutenga wafu wa vita na wafu wa mauaji. Basi mtu aliyechomwa mshale akitoka shambani ataandikwa katika kitabu gani? Akiandikwa cha vita, hesabu ya mauaji inakuwa ndogo. Akiandikwa cha mauaji, inakuwa kubwa. Na wako ambao hawakuandikwa popote. Mjane wake hana faida na ubishi wa vitabu, lakini ana haki mume wake aandikwe mahali.

WALIOTABIRI VIBAYA

Pengine mtu atasema, "Hata kama hesabu ina makosa, si afadhali kujitayarisha?" Nitajibu kwa habari mbili.

Ya kwanza ni ya Marekani. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa chuo kikuu, John DiIulio, alitabiri kwamba kinakuja kizazi cha vijana wakatili ambao nchi ile haijapata kuwaona. Magazeti yaliyashika maneno hayo. Karibu majimbo yote yalibadilisha sheria ili watoto wahukumiwe kama watu wazima. Wengi waliotajwa kwa hofu hiyo walikuwa watoto weusi. Je, kizazi kile kilikuja? Hakikuja. Makosa ya vijana yalikuwa yameanza kushuka, yakaendelea kushuka. Katika mji wa New York waliuawa watu 2,245 mwaka 1990, lakini mwaka 2017 hawakufika 300. Mwaka 2012 mwalimu yule mwenyewe alikuwa mmoja wa waliotia sahihi kwenye maandishi yaliyopelekwa Korti Kuu, wakikiri kwamba utabiri ule ulikuwa na makosa. Alifanya vema kukiri. Lakini mtoto aliyefungwa kwa sheria ile hakurudishiwa miaka yake.

Ya pili ni ya Kinshasa. Mnaijua habari ya kuluna, vijana wenye mapanga waliowatesa watu kweli. Mwezi wa Novemba 2013 polisi walianza operesheni iliyoitwa Likofi, ikaendelea mpaka Februari 2014. Mwaka 2014 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilitoa hesabu yake: watu 9 wameuawa na 32 wamepotezwa. Shirika la Human Rights Watch likatoa yake: watu 51 wameuawa na 33 wamepotezwa. Kila mmoja alisema "si chini ya", maana kila mmoja aliandika wale tu aliowahakikisha. Ofisi ile ya Umoja wa Mataifa ilipokwisha kutoa hesabu yake, serikali ilimfukuza nchini mkubwa wake. Tazameni: hata wafu wa operesheni ya kuondoa uhalifu hawakuhesabiwa sawa. Na wengi wao hawakuhukumiwa kwa jambo walilotenda. Walitazamwa wakadhaniwa kwamba ni kuluna. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba ni mtoto wa maskini asiye na kazi.

TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, sisemi kwamba mwizi aachwe. Anayeibiwa hapa si tajiri. Ni mama aliyeamka saa kumi usiku kutwanga mihogo, ni mfanyakazi aliyenunua kinga kwa mshahara wa miezi. Wala sisemi kwamba mambo ya mbele hayawezi kujulikana. Yule mpima maji aliyajua. Nasema tuwe na kijiti chetu, kisichohama.

Kwanza, kila mtaa na kila kijiji kiwe na daftari moja, na mtu mmoja mwaminifu wa kuandika, mwanamume au mwanamke. Aandike tarehe, kitu kilichotokea, mahali, mchana au usiku. Aandike kama polisi waliambiwa, walikuja au hawakuja, na kama mtu aliombwa pesa.

Pili, maana ya maneno isibadilike. Mwaka huu tukiita kuvunja mlango "wizi wa nyumba", mwaka ujao tuite hivyo hivyo.

Tatu, kila mwaka mwezi mmoja tupite nyumba kwa nyumba tuhesabu watu, pamoja na wageni waliokuja kuchimba. Bila namba hiyo daftari ni nusu.

Nne, tuandike pia waliokamatwa: siku ngapi walikaa buloko, na kama walifikishwa parke au waliachiliwa kwa pesa. Hilo nalo ni jambo la hesabu.

Tano, na hili lishikeni sana: msiandike jina la mtu mnayemdhania. Andikeni jambo, msiandike mtu. Daftari lenye majina ya kudhaniwa siku moja litachukuliwa na mtu mwenye bunduki, naye hatauliza lilivyoandikwa.

Mkifanya hivyo miaka mitatu au minne, mtaona wenyewe. Pengine mtaona kwamba wizi wa chakula unapanda miezi ya njaa kabla ya mavuno, na dawa yake ni ghala la mtaa. Pengine mtaona kwamba watu huporwa njiani siku ya mshahara, na dawa yake ni kutembea pamoja na kuweka taa. Au mtaona jambo lingine ambalo mimi silijui. Huo ndio utabiri wa kweli, maana unaonyesha mahali pa kuweka mkono kabla ubaya haujafika.

Na siku wakubwa wa serikali au wa kampuni watakapokuja na karatasi zao kusema, "Hapa uhalifu utazidi, leteni askari, ondoeni vijana," hatutapiga kelele. Tutafungua daftari letu mezani na kuuliza maswali yale matatu. Mmeita nini kosa? Nani aliandika? Mmegawanya kwa watu wangapi? Wakiwa na majibu mazuri, tutafanya kazi pamoja. Wakikosa, wataketi chini tuhesabu upya.

Daftari na kalamu si ghali. Kabla hatujatawanyika, kila mtaa usimamishe mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika, tumwone wote na tumkubali wote. Nasimama hapa hapa nikiwangoja.